Nikimpa Damu, Nabaki Mke?

Chumbi, 9 Mei 1994

Kwa mjukuu wangu Muzdalifa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu. Kuku wazima. Nguruwe wa porini ndio wazima zaidi, wanakula mpunga tangu mlinzi wake aanguke. Wewe huko hospitalini u mzima? Nauliza kwa sababu hujaandika.

Siku ya sita leo tangu mjomba wako Tamimu ampeleke Babu yako huko. Nilimwambia ngazi ya dungu la shambani imeoza, shuka taratibu. Akanijibu yeye alianza kulinda mpunga mimi sijazaliwa. Haya, kashuka kwa kichwa. Tumekusomesha unesi ili utuambie, sasa sema: anaongea? Anakula? Jibu mpe konda wa basi. Na mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima usiucheke.

Bibi yako, mke mwenzio,
Mwanahalima

Dar es Salaam, 11 Mei 1994

Bibi, shikamoo. Mimi sijambo, ila usingizi sina. Nisamehe kwa kuchelewa.

Babu hajitambui vizuri. Akifungua macho ananiita kwa jina lako. Ndani ya fuvu kuna bonge la damu iliyovilia, inabidi wafungue walitoe. Lakini hawathubutu kumpasua kwa sababu damu yake haigandi. Alipochomwa sindano juzi panavuja mpaka leo. Daktari anasema kichwa kikiumia sana, vile vitu vya kugandisha damu mwilini hutumika ovyo mpaka vinakwisha. Anahitaji damu mbichi, iliyotoka kwa mtu siku hiyohiyo. Ya kwenye jokofu haina tena nguvu hiyo.

Mjomba ametoa chupa moja, haitoshi. Mimi kundi langu halimfai, mama ni mjamzito, na watoto wenu wengine wako mbali. Kadi yako ya hospitali inasema kundi O, sawasawa na Babu. Njoo, Bibi.

Mjukuu wako,
Muzdalifa

Chumbi, 13 Mei 1994

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nilikuwa mzima mpaka barua yako ilipofika.

Ndani imeganda, nje inakataa kuganda! Hayo si maradhi, huo ni ukaidi wa Babu yako, ninao miaka thelathini na tisa. Mimi nikichinja kuku, damu inaganda maji hayajachemka.

Halafu unaniomba nini wewe? Mtoto wa jirani nilimnyonyesha siku saba tu mamake alipougua, leo haruhusiwi kuoa binti yangu yeyote, ni ndugu yao. Maziwa hayo! Na wazee wetu walichanjiana chale, kila mmoja akalamba tone la mwenzake, wakawa ndugu mpaka kaburini. Tone! Wewe unataka nimpe mume wangu chupa nzima. Akiamka mimi nitakuwa nani yake? Nimzalie watoto sita, halafu uzeeni niitwe dada?

Mnasema siku hizi biashara huria, Ikwiriri madukani kumejaa mpaka maua ya plastiki. Basi kanunueni na damu.

Nimempelekea swali Sheikh Mwinyimvua, Kibiti. Nasikia yuko visiwani anaozesha, atarudi wiki ijayo. Mgonjwa asubiri.

Bibi yako, mke halali wa Babu yako mpaka sasa,
Mwanahalima

Dar es Salaam, 15 Mei 1994

Bibi, shikamoo. Habari nyingine baadaye.

Damu haiuzwi. Leo asubuhi Babu ametokwa na damu puani, imechukua saa mbili kukata. Haniiti tena kwa jina lako. Haongei kabisa.

Muzdalifa

Chumbi, 16 Mei 1994

Muzdalifa,

Salamu sina. Barua hii inatangulia na basi la asubuhi nililokosa nafasi, mimi napanda la mchana.

Sheikh hajarudi na mimi simngoji. Nimekunywa uji mabakuli matatu ili damu iwe nyingi. Daktari aandae sindano. Kama ndoa inavunjika, ivunjike. Heri niwe dada wa mtu aliye hai kuliko mjane wake.

Usimwambie mtu kwamba karatasi imelowa.

Bibi yako

Chumbi, 4 Julai 1994

Mke mwenzangu,

Uhali gani? Sisi tumefika salama, wiki mbili sasa. Mgonjwa wako anatembea, anakula, na mshono wa kichwa umefunga kama mdomo wa gunia. Nesi mwenzako aliyenipa soda moja kwa chupa nzima ya damu, mwambie nimemsamehe.

Njiani nilimweleza Babu yako yote: "Damu uliyonayo ni yangu, huenda mimi ni dada yako, tumsubiri Sheikh." Basi tangu siku hiyo mambo yamegeuka! Analala sebuleni. Akitaka kuingia chumbani anabisha hodi. Maji ya kuoga anachota mwenyewe. Juzi kafua kanzu kwa mikono yake, eti, "Dada wa mtu si wa kutumwatumwa." Na kila asubuhi, "Umeamkaje, dada?" Miaka thelathini na tisa hajawahi kuniuliza nimeamkaje.

Sheikh kumbe alikawia visiwani, jibu lake lilifika Ijumaa iliyopita. Anasema damu si maziwa, ndoa ipo palepale, na amecheka mpaka mkewe kaja kumtazama.

Barua yake nimeifukia ndani ya debe la mchele. Ukija huku, funga mdomo wako. Babu yako nitamwambia baridi ya kipupwe hiki ikinizidi. Leo bado naiweza.

Bibi yako, dada wa Babu yako kwa sasa,
Mwanahalima