Kamba za Baba Mkwe na Fomu ya Hataza

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijatia sahihi, maana karatasi yenyewe imo mkobani mwangu tangu Jumatano na Jumatatu inatakiwa.

Mimi ni mchoraji wa mitambo katika karakana ya meli, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na kazi hii niliipenda kwa sababu ya baba mkwe wangu, fundi wa kamba za chuma ambaye gatini kote walimwita Bwana Kapi, kwa sababu ya yale makapi, magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia kamba, ambayo hayakukosa mfukoni mwake hata akienda harusini. Zamani hizo alikuwa kwenye kivuko cha magari ambacho sasa kimeshakatwa kikawa chuma chakavu, na ndani yake mlikuwa na sitaha ya kati inayopanda na kushuka, yakija malori inainuliwa juu kabisa yapite chini, yakija magari madogo inashushwa yapangwe juu na chini. Mwanzoni iliinuliwa kwa minyororo minne, kila pembe na mtu wake, na yule wa pembe ya nyuma akinogewa na soga basi sitaha nzima inalala upande na abiria wanapiga mayowe, jamani gari langu! Baba akakaa akafikiri wiki nzima, akaing'oa ile minyororo, akapitisha kamba nne za chuma kwenye makapi yake, zote akazifunga kwenye kipande kimoja cha chuma kinachovutwa na winchi moja, ile mashine ya kuvutia na kukunjia kamba, ikawa ukivuta mara moja pembe zote zinapanda sawasawa.

Mshauri, nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nimempelekea chakula, nikasimama na bakuli langu nikiangalia sitaha ile ikipanda taratibu bila mtu kupiga kelele, na Baba hakuiangalia sitaha, aliniangalia mimi, akasema, "Umeona, mwanangu? Hakuna anayemngoja mwenzake." Siku ile ndiyo niliyoamua nitasomea kuchora mitambo.

Kamba za chuma hurefuka kwa kutumika, tena hazirefuki sawa, kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi Baba alizipitia moja moja kwa spana, akizigonga kwa kidole na kusikiliza, akisema huyu mvivu, huyu mzima, akimaliza anajifuta mikono na kwenda kwa abiria, kwa sababu alikuwa na kimfano chake cha mbao kilichopitishwa nyuzi kwenye vibiringo vitupu vya uzi wa cherehani, na yeyote aliyeuliza, awe dereva wa lori, awe mama na watoto, hata mafundi wa vivuko vingine, alimpa akivute mwenyewe. "Vuta, vuta, si siri hii!" Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Sijui kama nimewahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile kazini, na hiyo furaha ndiyo ninayoililia ninapokuandikia.

Sasa karakana yetu inajenga kivuko kipya, na mtambo wa kuinulia sitaha nimeuchora mimi, kwa kufuata njia ya Baba, nimeongeza tu kidude kimoja kila pembe, kapi dogo lenye mkono na springi ambalo huvuta ulegevu lenyewe kamba ikirefuka na kuibana sitaha isianguke kamba ikikatika, na bosi amefurahi mpaka anataka tuuombee hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mwenye uvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasiuige kwa miaka kadhaa. Wakili akaleta fomu, na fomu inauliza mvumbuzi ni nani, hapo limepigwa chapa jina langu peke yangu, mtambo wote, kamba, makapi, winchi na kila kitu, tena inauliza kama mtambo huu umewahi kutumika au kuonyeshwa hadharani, na mimi, bosi akiwa amenisimamia akisema kivuko kile hakipo tena nani atakumbuka, nikaandika Hapana kwa kalamu yangu.

Kosa langu jingine ni kwamba nilishapayuka nyumbani. Baba sasa magoti hayamruhusu kazi, anashinda kibarazani, na tangu asikie habari hii amepiga pasi shati lake jeupe na kulitundika tayari, na anawaambia majirani, "Kamba zangu zinapigwa muhuri wa serikali." Karani wa wakili ameninong'oneza kwamba nikisema ukweli maombi yanaweza kukataliwa yote kwa kuwa mtambo si mpya. Nikisema, namvunja moyo mzee. Nikinyamaza, namwibia huku nakula naye meza moja. Mume wangu anasema tia sahihi, ya nyumbani tutayamaliza nyumbani. Nifanyeje, mshauri?

Ni mimi,
Mkwe wa Fundi

*

Mkwe wa Fundi,

Pole, mama. Barua yako imenifanya nimkumbuke marehemu baba yangu na sanduku lake la vyuma, nikaiweka chini kidogo nikapangusa miwani. Sasa nimeshapangusa, nisikilize.

Hilo Hapana lako lina mashahidi wangapi? Hesabu abiria wa miaka kumi na mmoja! Hataza hutolewa kwa kitu ambacho ni kipya duniani, si kipya ofisini kwenu. Kitu kilichoonyeshwa hadharani hakirudi kuwa kipya eti kwa sababu chuma chake kimeuzwa. Zipo nchi zinazomsamehe mvumbuzi aliyekionyesha kitu chake miezi michache kabla ya kuomba. Miezi, mama, si miaka. Siku moja dereva mmoja wa lori atatokea na picha aliyopiga mle ndani, hataza itaanguka, na uongo utakuwa na sahihi yako. Bosi wako atasema, "Mimi nilimwamini mchoraji." Utamlaumu nani?

Na huyo mume wako mwambie nimemsikia. Haya si ya kumalizwa nyumbani.

Lakini kuna jambo limenikera zaidi. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kazi yako wewe, nikaikuta imejibanza katikati ya sentensi ndefu. "Nimeongeza tu kidude." Kidude! Mzee alishika spana kila Ijumaa kwa sababu kidude hicho hakikuwepo. Kamba zake zilisubiri mkono wake. Zako zinajirekebisha zenyewe, na ikikatika moja sitaha haimwangukii mtu. Unajipachikia kazi yote ya mzee, halafu ya kwako unaitupa! Mtu mzima na akili zako!

Basi fanya hivi. Mwambie wakili aandike maombi upya, yaombe kulinda hicho kidude chako na jinsi kinavyofanya kazi pamoja na kamba, basi. Njia ya kamba nne na winchi moja aieleze wazi kuwa ilikuwepo kabla yako. Sikuahidi kwamba watakubali. Wakaguzi watauliza kama fundi yeyote mzoefu angekifikiria hicho bila kuumiza kichwa, na ni kazi yao kuuliza. Wakikataa, wamekataa ukiwa umesema kweli. Bosi akinuna, mwonyeshe aya hii. Na jina la mzee usilichomeke kwenye kidude kwa heshima tu. Mvumbuzi ni aliyevumbua.

Kabla ya wakili, mzee. Usimtume mume wako, wala usimwambie huku unaosha vyombo. Kaa naye hapo kibarazani, umwambie, "Baba, niliandika uongo kuhusu kamba zako. Muhuri hauji." Ataumia. Mwache aumie, usikimbilie kumbembeleza, ni haki yake. Akishatulia mweleze sababu, maana sababu yenyewe si ya aibu: hataza ni haki ya kuwakataza watu, na yeye kwa miaka kumi na mmoja hakumkataza mtu. Serikali haiwezi kumfungia leo kitu alichokwisha kuwagawia wote. Halafu mfunulie mchoro wako, umwombe akutafutie kosa. Akilipata, lisahihishe bila kubisha. Asipolipata, atakwambia, mafundi wa aina yake hawasifii bure.

Jumatatu uwe kwa wakili mlango ukifunguliwa. Itoe fomu mkobani, kata lile Hapana kwa mkono wako, andika Ndiyo. Chini yake andika kivuko kilikuwa kipi, miaka ipi, na nani aliyefunga kamba zile. Usiandike Bwana Kapi. Andika jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake, kwa herufi kubwa, lisomeke.