Mnara au Masanduku

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemwona mhandisi mpya akiwaruka watoto wetu kwenye chumba chao hapa kiwandani. Wamelala kwenye mkeka, watano, na yeye anapita katikati yao na futi mkononi kama anapima kiwanja cha urithi. Mfukoni kalamu nne. Nne, na mkono wa kuandikia mmoja. Nimempa jina, Kalamu Nne, na kufika saa ya chai kiwanda kizima kilikuwa kinamwita hivyo.

Mlezi wa chumba akamuuliza, unapima nini kaka? Sakafu. Sakafu ya nini? Sakafu tu. Akaandika, akatoka, mlango akauacha wazi. Vumbi lote la uani likaingia kwa mwanangu.

Jino wangu hata hakuamka. Analala mdomo wazi, na lile jino lake moja linachungulia kama mtu anayeangalia kama wageni wameshaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Sasa najua alikuwa anapima nini.

Nilikuwa naosha vyombo vya kioo maabara, wao wanakutana upande wa pili wa kabati. Wakubwa wana hii tabia — wanadhani mtu akiwa na sabuni mikononi masikio yake yameziba.

Habari ni hii. Yale maji machachu yanayobaki baada ya kazi, tunayoyamwaga kila siku, yana asidi ndani yake, na asidi hiyo inauzika. Wanataka kuitoa. Kuchemsha hapana, maji ni mengi mno, moto wake utakula faida yote. Kwa hiyo watatia kiyeyusho, kitu kama mafuta, hakikubaliani na maji. Ukikoroga, asidi inayahama maji na kuingia kwenye kiyeyusho. Ukiacha vitulie, vinaachana: maji chini, kiyeyusho juu. Wamelieleza hilo kwa nusu saa na picha ukutani. Mama Mizani, mkuu wetu wa maabara, anakifanya kitu hichohicho kila asubuhi kwenye kibuyu cha kioo chenye koki chini, huku anasimulia harusi ya mpwa wake.

Ugomvi ni chombo gani cha kuifanyia kazi hiyo kwa wingi.

Kuna mnara. Bomba nene lililosimama wima, ndani sahani zenye matundu. Maji yanateremka, kiyeyusho kinapanda, vinapishana njiani. Unakaa pale kwenye kona ya nje, unakula nafasi kama ya kitanda.

Na kuna masanduku. Yanapangwa chini kwa mstari, kila moja lina upande wa kukoroga na upande wa kutulia, kimiminika kinahama kutoka hili kwenda lile. Yanakula sakafu. Na sakafu iliyo karibu na matangi ni moja tu. Chumba cha watoto.

Kalamu Nne anataka masanduku.

Meneja akauliza, na watoto je? Kalamu Nne akasema hilo litaangaliwa. Nalijua sana hilo neno. Choo cha wanawake kinaangaliwa tangu sijaolewa.

Nilisugua kibuyu mpaka Mama Mizani akaniambia mwanangu, utakitoboa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Baba Jino. Yeye yuko uani, kwenye matangi, ndiye anayefungua na kufunga. Akasema labda hawatafanya. Huyu mume wangu akiona nyumba inaungua atasema labda ni jua.

Bila chumba kile mambo ni mawili. Niache kazi, au nimwachishe Jino ziwa nimpeleke kwa mama mkwe, nimwone mwisho wa mwezi. Mama mkwe keshasikia, sijui nani amemwambia. Amepiga simu kwa furaha kabisa. Mlete mjukuu wangu, maziwa ya kopo yapo, hata mumeo nilimlea kwa maziwa ya kopo. Nikajibu ndiyo mama. Moyoni nikasema, na ndiyo maana mpaka leo hajui soksi zake zinakaa wapi.

Jino ameanza kusimama. Anashika ukuta wa chumba kile, ule wenye rangi iliyobanduka, anasimama, anatikisika, anacheka peke yake. Wiki mbili hizi atatembea. Naliona kabisa: anatembea kutoka ukutani mpaka kwangu saa yangu ya kunyonyesha. Sitaki kuambiwa kwa simu.

Itakuwa mnara. Lazima iwe mnara. Watu wote hawa hawawezi kuwa wajinga kwa wakati mmoja.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja muuza mnara. Manukato — kanukia kabla hajashuka kwenye gari. Kiatu chake kinang'aa kuliko vyombo vyangu. Akanipa koti lake nimshikie. Hakunitazama, alinipa tu kama mtu anayetundika kwenye msumari. Akaniita mrembo. Nikamshikia. Kwa ajili ya mnara ningemshikia hata na soksi.

Amekuja na mnara mdogo wa kioo, unanifika kifuani. Wameusimamisha maabara. Maji yetu juu, kiyeyusho chini, kamota kadogo ka umeme kanatikisa. Jamani, ulikuwa mzuri. Matone yanapanda, matone yanashuka, hakuna anayemgusa mwenzake, na juu kabisa kikatulia kiyeyusho safi. Meneja alisimama mdomo wazi. Manukato anaongea kama anaozesha binti: hauli nafasi, haumwagi, unafanya kazi ya masanduku sita kwa mguu mmoja.

Mimi nilikuwa naomba Mungu na koti la watu mkononi.

Halafu Kalamu Nne akafungua mdomo. Leo ni Jumatatu, akasema.

Meneja akasema tunajua.

Tangi limepumzika tangu Jumamosi, akasema. Uchafu wote umekaa chini. Hapo mmepima maji ya Jumapili. Mimi nataka ya katikati ya wiki, yaliyovurugwa, yenye utando.

Huo utando sisi tunauita kamasi. Maji yakiwa machafu, ukikoroga na kiyeyusho, katikati panabaki kitu kijivu, kinavutika, si maji wala si mafuta. Kalamu Nne anasema kwenye masanduku unafunua kifuniko, unakiondoa kwa upawa, kazi inaendelea. Kwenye mnara kinang'ang'ania sahani, kinaziba matundu, unasimamisha kila kitu.

Manukato akacheka. Akasema mhandisi ana wasiwasi wa mama mzazi. Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nilicheka zaidi ya wote.

Meneja akaamua: Alhamisi, palepale, kwa maji ya Alhamisi. Yakipita, mnara. Yakikwama, masanduku.

Jumanne, 11 Machi

Ipo ya tatu! Nimesikia wakiitaja. Mashine inayozungusha kwa kasi, inavitenganisha kwa nguvu, kubwa kama pipa tu. Sakafu haili, kimo haina. Nilitembea asubuhi yote kama nimeokota kitu.

Mchana nikamuuliza Mama Mizani. Akasema hiyo sahau mwanangu. Ile inataka maji yasiyo na chembe, na ikiharibika fundi wake anatoka ng'ambo. Kalamu Nne ndiye aliyeikata, na hapo Manukato naye akamuunga mkono. Kwa mara ya kwanza wamekubaliana, na ni kunikata mimi.

Jumatano, 12 Machi

Kuchota sampuli ni kazi yangu. Kila siku nachota, hakuna anayeniuliza, hakuna hata anayeniona. Kesho watanitazama wote.

Mama Mizani amenikuta nafuta meza. Akafunga mlango. Watoto wake wote watatu walikulia chumba kile, mdogo sasa yuko chuo. Akapanga mizani zake ambazo zilikuwa zimepangwa. Halafu akasema, tangi lina koki mbili, ya juu na ya chini. Juu maji yanakuwa meupe hata katikati ya wiki. Mhandisi ameandika ya chini.

Nikaendelea kufuta meza.

Akasema, Meneja ataamini macho yake. Na mimi, mwanangu, sina macho ya kisogoni.

Akatoka. Mwanamke mzima, cheti ukutani, ameniachia mimi mwenye darasa la saba niibebe hii dhambi. Akitaka chumba kibaki si achote mwenyewe? Lakini nampenda. Ndiyo shida.

Jioni nikamuuliza Baba Jino, huku anamchezea mtoto, kama nauliza habari ya mvua: mnara ukiziba kamasi, inakuwaje?

Unafunguliwa, akasema. Mtu anapanda, anaingiza mkono kwenye kila sahani, anakwangua.

Na kile kiyeyusho harufu yake?

Anajifunga kitambaa.

Mtu nani?

Akacheka. Nani mwenye mikono mirefu uani? Akainyoosha yote miwili, Jino akaning'inia kwenye kidole chake kama nguo kwenye kamba. Akasema, mama yako ananitafutia kazi ya juu, umesikia?

Na mimi nikamkasirikia. Yeye, ambaye hajafanya kosa lolote. Nikamwambia angalau angekwenda kwa mkubwa wake akasema neno, siku zote yeye ni labda, labda. Akasema, niseme nini? Niseme nataka masanduku, mtoto aende kwa mama? Au nataka mnara, nikakwangue? Wewe niambie niseme lipi, nitakwenda kesho asubuhi.

Nimempa mgongo. Mtu anayekuachia uchague wewe, halafu unasikia amelala.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia chumbani kwa watoto, kwenye mkeka. Saa ya kunyonyesha. Jaribio bado kidogo tu.

Asubuhi wote walikuja wamevaa vizuri, kama kuna harusi ya maji machafu. Manukato tai mpya. Meneja amekuja na katibu wake wa kuandika ushindi. Kalamu Nne shati lilelile. Akaniambia, dada, koki ya chini tafadhali, ndoo moja ijae. Neno tafadhali alilitamka kama mtu anayesoma kwenye karatasi.

Nikaenda nyuma ya tangi peke yangu. Baba Jino alikuwa upande wa pili juu ya ngazi, ananipungia, hajui lolote. Nikafungua koki ya juu. Maji yakatoka meupe, mepesi, mazuri. Ndoo ikajaa. Nikafunika. Basi, kazi imekwisha, nikajiambia, twende.

Sikwenda. Sijui ni mjinga wa aina gani anayerudi kuchukua ndoo ya pili. Nikafungua ya chini. Ikatema kwanza, halafu ikaja polepole, kijivu, na yale matope mazito yanayoteleza kama yana uhai. Nikajaza. Nikafunika na hiyo.

Ndoo mbili nyeupe, vifuniko viwili, sura moja. Nikazibeba zote mpaka huku, kwa sababu saa ilikuwa imefika na ziwa lilikuwa limejaa. Mwili wangu unajua saa yake hata kichwa kikipotea.

Jino alinisikia mlangoni. Akashika ukuta, akasimama, akaachia mkono mmoja. Mmoja tu. Akanitazama kama ananiuliza nimeona. Nimeona, baba. Nimeona.

Akanyonya kwa fujo, kiganja chake kinanipigapiga kifuani. Mlezi ametoka kuanika nepi. Wengine wanne wamelala. Nilikuwa nimeshaamua. Naandika nilivyoamua, halafu nitafuta: nilikuwa namchukulia Meneja ile ya maji meupe. Wakubwa wakwame na mnara wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia humu akauliza mtoto gani ni wa nani.

Kisha hodi.

Kalamu Nne. Hakuingia. Aliona nanyonyesha, akageuka upesi mpaka akagonga bega kwenye fremu. Akasimama hapo nje, mgongo kwangu, anaongea na ua. Akasema, samahani Mama Jino, sikujua. Kumbe analijua jina la mwanangu.

Nikasema nakuja, kaka.

Akasema hapana, mwache ashibe, wao watasubiri. Akasema ndoo ni nzito, mimi nitabeba. Nimekuja kwa ajili hiyo.

Tangu nianze kazi hapa hakuna mwanamume wa ofisini aliyenibebea hata kikombe. Na ni lazima awe huyu. Mwenye futi. Hata kumdharau mtu kwa utulivu wamenikatalia.

Akasema, bila kugeuka, lakini nimeona ziko mbili. Ipi ni ya mnara, na ipi ya kudekia?

Nikamwambia subiri kidogo, mtoto hajashiba.

Akasema sawa.

Bado yupo. Nauona mgongo wake na kola iliyolika. Hatazami saa. Uani wanaita jina lake, hajibu, amenyoosha tu mkono kuwaambia wangoje.

Mtoto ameshashiba zamani. Amelala, ziwa limemtoka mdomoni. Mimi ndiye sijafunga vifungo.