Zamu ya Mama Kuvuliwa Barakoa

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Wifi na watoto nao hawajambo? Sisi huku tunasukuma siku.

Mimi bado niko studio, hedifoni masikioni, nasafisha sauti za watu. Kazi ya sasa utaicheka. Wanairudisha katuni ya Mapua, yule mtoto mpelelezi aliyetulisha na kutusomesha kwa sauti ya mama. Ila safari hii ni filamu, na haichekeshi. Unakumbuka zamani kila mzimu ukikamatwa, Mapua anauvua barakoa, na chini yake yuko mwenye duka au mlinzi wa makumbusho. Sasa anavua barakoa na chini yake hakuna mtu. Mwongozaji, kijana mmoja wa miwani mikubwa, anasema watoto wa siku hizi hawadanganyiki. Wewe uliyekuwa ukitazama kutoka nyuma ya kochi, sijui ungejificha wapi.

Mama aliitwa kujaribiwa. Akavaa lile gauni la kijani, akasimama mbele ya maikrofoni, na sauti ya Mapua ikagoma. Ilitoka nusu, ikakwaruza, ikakatika. Nafasi akapewa binti ambaye, niseme kweli, anaiweza. Mama alikuwa ameshachukua mkoba wake alipokohoa, na mwongozaji akamsimamisha mlangoni, akamwomba awe mzimu. Nilidhani atamtolea uvivu. Kumbe alicheka, akasema miaka yote amewavua wenzake barakoa, sasa ni zamu yake kuvuliwa.

Amefanya vizuri mno. Kwenye tukio la mwisho maandishi yalitaka mzimu ungurume. Yeye akanong'ona tu jina la Mapua, taratibu, kama alivyokuwa akituamsha kwenda shule. Mwongozaji akaniuliza ule mkwaruzo nimeutengenezaje kwenye mashine. Nikamjibu sijagusa kitu, akadhani naringa.

Sijagusa kitu, kaka. Mama ana uvimbe kooni, na ni ule mbaya. Mwisho wa mwezi anafanyiwa upasuaji, na daktari amesema ataamka, ila sauti haitarudi. Aliniapisha nisikuambie mpaka filamu itoke, maana anajua utaacha kazi uje mbio. Niliapa, na sasa nimevunja. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu: angenisikia, masikio yake hayana ugonjwa. Naogopa sana.

Msalimie wifi, na watoto wabusu mmoja mmoja. Wewe mpigie mama kabla ya mwezi kuisha. Usimwulize habari za koo. Mwombe akufanyie Mapua, hata ikikatika, na usikate simu mpaka achoke mwenyewe. Baada ya hapo utakuwa unaongea wewe tu, yeye anasikiliza.

Mdogo wako,
niliyekuwa nikikuambia mzimu umeshavuliwa, haya, toka huko nyuma ya kochi