Mkono Ulioteleza

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kwa sababu situlii, mimi ni binti wa Gendabi, nafanya kazi ya tiba kwa vitendo katika kituo kimoja cha afya, yaani nawafundisha waliopata kiharusi kuvaa na kula upya, na sasa nina mgonjwa, nimwite Mzee Hhando, ana umri wa baba yangu, mkono wake wa kulia umelegea, na mkewe nilimwomba akae nje kwa sababu akiwamo chumbani anamfungia vifungo vya shati na mzee hajifunzi, basi tangu mama atoke mzee amebadilika, nikimwamkia anaitikia huku hauachii mkono wangu, nikimwelekeza anacheka, "Si umesema ni tiba kwa vitendo, binti? Basi tutende," na Alhamisi nilipoinama kumwonyesha kifungo cha chini mkono wake uliteleza ukanishika kifua, nikaruka, akasema, "Samahani, mkono huu mgonjwa haunisikii," lakini mshauri, ulionishika ni wa kushoto, ule mzima. Msimamizi wangu, Felician, nilipomweleza alicheka: "Mzee wa watu huyo, dada, atakufanya nini? Mvumilie." Nikisikia pikipiki inayomleta ikisimama nje moyo unaruka, mtu niliyempa shikamoo nitamkemeaje, nikimkataa hakuna mtaalamu mwingine karibu na mkono wake utakakamaa, nikinyamaza sijui mwisho wake, nafikiri niache kazi nirudi kulima na mama yangu, nifanyeje?

Msomaji, Gendabi

Marahaba, binti. Nianze na sarufi, maana ndimo uovu ulimojificha. Umeandika, "mkono wake uliteleza ukanishika." Mkono unaoteleza haushiki. Andika upya: "Mzee Hhando alinishika kifua." Sentensi ipate mtenda wake. Ukiweza kuiandika, utaweza kuitamka.

Pole sana. Lakini nani alikufundisha kwamba shikamoo ni ruhusa? Anayeitikia marahaba amekubali kuwa mzazi wako, na mzazi hafanyi hivyo. Simama mbali na mkono wake mzima, umwambie: "Shikamoo, mzee. Ulinishika kifua, na ulijua. Ukirudia, sitakuhudumia tena." Usicheke unaposema. Kicheko cha haya atakisoma kuwa kibali.

Kumtoa mkewe hukukosea, ulijali vifungo. Sasa mrudishe ndani, aketi nyuma ya mumewe, mikono aikunje. Asipoweza kutulia, mwite mhudumu mwenzako. Pasipo mtu wa tatu, usianze kazi.

Huyo Felician amenikasirisha kuliko mzee. Ni kazi yake kukulinda, naye anakufundisha uvumilivu! Mwandikie barua, nakala kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chenu. Wakinyamaza wote, Dawati la Jinsia lipo kituo cha polisi, nenda.

Kuhusu mkono kukakamaa: umempa tiba na utampa onyo. Akivunja onyo, tiba ameikataa yeye, na mkewe atakuwa shahidi. Kulima ni kazi njema kwa aliyeichagua, wewe unafukuzwa. Usiondoke. Na barua iandike leo hii, kabla huruma haijakurudia.