Kiti Mbele ya Madaktari

Kihonda, Morogoro
Jumapili

Dada Editha,

Shikamoo. Huku mvua imekatika na watoto wamefungua shule. Natumaini njegere za huko Mgeta zimetoka vizuri.

Lile robota la magunia lililoniangukia kiwandani limeniachia maumivu ya mgongo mpaka leo. Daktari wa fidia aliandika kwamba sina ulemavu, kwa sababu kila siku naenda kazini. Ningeachaje kazi, dada, na watoto wanataka kula? Nikakata rufaa, na juzi nikaitwa mbele ya madaktari watatu.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mkali, akasema, "Inua hicho kiti."

Kilikuwa cha chuma. Ningeweza kusema siwezi. Lakini walinitazama kama mwongo, nikaona haya, nikakiinua hadi kifuani.

"Kumbe unaweza," akasema, akaanza kuandika. "Haya, kiweke chini."

Mgongo ukagoma. Sikuweza kuinama, wala kukiachia kiniangukie miguuni. Jasho likaniingia machoni. Nikasema, "Mama, naomba mnipokee."

Mwenyekiti akainuka mwenyewe, akanipokea, akanikalisha. Akaichana ile karatasi aliyokuwa akiandika.

"Uko hivi tangu lini?"

"Tangu Machi mwaka juzi."

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Wamefuta uamuzi wa kwanza. Jumatano nitapimwa upya, na safari hii sitajikaza.

Ukimsomea mama barua hii, hapo penye kiti paruke. Mwambie tu kwamba nimeitwa tena.

Mdogo wako,
Amosi