Jina la Kwanza kwenye Orodha ya Kengele

Bel-Air, Lubumbashi
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote mlioko Kongolo. Goti limetulia, au bado linakutabiria mvua? Na dawa ya presha, unaimeza kweli au unamwonyesha mama mzazi tu kisha unaificha? Sisi huku tu wazima. Watoto wanasoma, mume wangu bado anaendesha teksi yake ya njia ya Luano, nami nashona.

Ningeweza kupiga simu, lakini neno hili sikutaka ulisikie ukiwa umesimama juu ya kichuguu unatafuta mtandao, na watu wamekuzunguka. Keti, Baba. Kapiteni wako, Papa Kisimba, amefariki. Tulimzika Alhamisi.

Na lile neno ulilonituma, sikumfikishia.

Ulinituma wakati wa Noeli. "Mama," uliniambia, maana unaniita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yako, "uende kwa Kisimba, umuambie nilisha kumusamehe." Nikakubali. Kwake ni dakika ishirini kwa miguu kutoka hapa! Kwanza nilikuwa na nguo za harusi za kushona, kisha ikawa mvua, kisha uvivu tu, nisikudanganye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu linauma leo. Nilipokwenda hatimaye, Jumanne, nilikuta turubai limetandwa uani na viti vya plastiki vimefika hadi barabarani. Nilitamani iwe harusi. Lakini wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, nikajua kabla sijauliza.

Unajua jinsi ulivyotulea na historia ya Kengele, timu yenu ya mpira, karibu kama katekisimu. Vijana wa karakana ya reli waliocheza baada ya kazi, na washangiliaji waliogonga kipande cha reli badala ya ngoma. Kisha yule tajiri aliyewatoa karakanani, mkawa wa kwanza mtaani kwenu kulipwa kwa kucheza tu, na Bibi akakataa kabisa kuamini kwamba mtu mzima anapewa mshahara wa kudaka mpira. Kisha tajiri akaondoka, mishahara ikakoma, mkacheza na njaa. Mwisho uliusimulia kwa maneno yaleyale kila mara: Kapiteni alitia sahihi, akauza kiwanja bila kutuuliza. Ulimwita msaliti mbele ya wote, ukapanda treni kurudi Kongolo, na timu ikafa.

Mjane wake, Mama Veronika, alinishika mkono akaniketisha kwenye mkeka wake.

"Njo weye mutoto ya gardien? Ule wa kudaka?"

"Njo miye, mama. Baba alinituma niambie papa: alisha kumusamehe."

Akauachia mkono wangu. "Kumusamehe juu ya nini? Ile kiwanja aliuzisha juu ya kupata tiketi ya treni yenu. Bale balitoka mbali balikuwa nalala na njala, hakuna muntu wa kubarudisha kwabo. Ile tiketi baba yako alipandia, ilitoka wapi?"

Baba, wewe ulituambia ilitoka kwa watu wa reli, haki ya mfanyakazi wa zamani. Labda ndivyo ulivyoambiwa.

"Alikataza tuseme," akaongeza. "Asema, gardien iko na kiburi. Akijua, atashuka mu treni."

Nilitaka kukasirika kwa niaba yako, nikashindwa, kwa sababu nakujua. Ungeshuka.

Kuna jambo jingine hulijui, kwa kuwa hukuja msibani hata mara moja. Kila mchezaji wa Kengele alipokufa, Kapiteni alisimama mbele ya jeneza akaita orodha kama kabla ya mechi. Aliye hai anajibu "Présent." Aliyekufa, wenzake wanamjibia: "Ametangulia." Na orodha huanza na golikipa. Kila kilio, miaka yote hiyo, kilianza na jina lako.

"Anaita, ananyamaza kidogo," Mama Veronika alinisimulia. "Bantu banamuambia, ruka ile jina. Anakatala. Asema haikufa, na haiko hapa, tumungoye."

Alhamisi hakuwepo mchezaji hata mmoja. Mama Veronika alivaa miwani, akafungua karatasi iliyochanika kwenye mikunjo, akaita:

"Gardien, Lwamba."

Nilikuwa nimesimama nyuma. Mtu hamjibii mwenzake aliye hai, hasa mwenye kiburi kama chako, nalijua hilo. Lakini kimya kile kiliniuma, na mara nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Présent." Watu wakageuka. Mama Veronika akaweka alama kwa kalamu, akaendelea. Majina kumi yaliyofuata, watoto na wajukuu waliitikia, "Ametangulia." Alipofika kwa mumewe, alimpa binti yake karatasi amalizie.

Nililia sana, Baba. Ningalikwenda Januari, angalisikia neno lako kwa masikio yake. Unisamehe.

Kiwanja nilipita kukiona. Sasa ni ghala la unga la mfanyabiashara kutoka Butembo. Nilimuuliza mlinzi kama anajua palikuwa na nini zamani, akasema palikuwa na nyasi.

Mpe mama mzazi salamu zangu, umwambie kitenge chake kiko tayari. Kaka Ngoie katekista aniombee, maana nina deni la dhamiri. Shangazi Kalunga, muuza samaki, asiache kukupikia mchuzi bila chumvi hata ukimnunia.

Siku ya kuondoa matanga Mama Veronika ataita orodha tena, mara ya mwisho. Najua goti, najua treni zetu, najua na aibu. Njoo hivyo hivyo. Mimi nitasimama nyuma, palepale, na likiitwa jina la kwanza nitanyamaza.

Ni mimi, mwanao unayemwita mama,
Feza