Breki Mpya za Datsun ya Baba

Mosocho, Kisii
Jumapili alasiri

Kaka yangu Benard,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji Pam na watoto, na kwamba joto la Voi halijawamaliza. Kile kikohozi cha mdogo kiliisha? Pam aliniambia mlikuwa mmebadilishiwa dawa, kisha nikasahau kuuliza tena, naomba anisamehe. Sisi huku tunaendelea. Mvua inanyesha kila siku baada ya chakula cha mchana na nguo zinakaa kambani mpaka zinaanza kunuka. Duka letu la dawa za mifugo lina wateja wengi msimu huu, na nikifika nyumbani miguu inaniuma kama ya mtu aliyelima. Nimechoka, kaka. Sisemi hivyo ili unionee huruma, ila ukiona mwandiko unalegea ujue sababu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nimejaribu. Mchana ukipokea uko kazini, unaniambia utanirudia. Jioni Baba anakuwa amekaa hapo mbele yangu, anataka akusalimie, nami naishia kukuambia gari linaendelea vizuri. Nilichonacho hakisemeki hivyo. Tafadhali soma barua hii hadi mwisho kabla hujampigia.

Unakumbuka habari ya Nyanchera, yule mama anayeuza ndizi nje ya kanisa letu la zamani kule Nyamira. Tangu tulipomzika Mama na Baba akahamia kwangu, kila Jumapili alikuwa akiendesha ile Datsun yake mpaka kanisani huko, peke yake, kwa sababu mimi husali hapa karibu. Jumapili moja akapanda na gari juu ya meza ya Nyanchera. Ndizi zikatapakaa barabarani, meza ikawa kuni. Mama wa watu alikuwa ameinama upande wa pili akifunga mfuko, ndiyo maana yuko hai. Baba alisema pedali ya breki ilizama mpaka chini, usukani ukawa mlegevu, gari likajiendea lenyewe.

Tulimwamini. Nani asingemwamini? Gari lile ni la mwaka sabini na tatu. Wewe ulitaka tuliuze kwa watu wa vyuma chakavu. Baba akakataa, akasema hilo ndilo alilozungukia milima yote ya Nyamira akikagua pareto ya wakulima, na tena alikuwa amewaahidi watoto wako kwamba Desemba atawapeleka yeye mwenyewe hadi nyumbani Rangwe, kwa ibada ya kumkumbuka Mama. Hapo ukaniambia kwenye simu, basi Apondi, litengenezwe vizuri, maana humo wataingia watoto wangu. Neno hilo halikunitoka.

Nikampelekea Osoro, fundi mwenye gereji nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga, hapa Mosocho. Osoro ni mtu wa maneno mengi, lakini hakunificha kitu. Aliliinua gari juu ya mawe, akashika gurudumu la mbele akalitikisa, likacheza kama jino bovu. Akaniambia breki zake zote nne ni zile za ngoma, za zamani, ambazo ukiteremka mlima mrefu zinapata moto na kukuacha. Akasema naweza kuzifungia viatu vipya vya breki zikabaki vilevile, au nikitaka kulala usingizi, tutafute Datsun 120Y iliyokufa, tuing'oe miguu ya mbele yote na breki zake za disk, maana inaingia kwenye hii yetu bila ubishi mkubwa. Vifaa vipya vya dukani nisingeviweza, na yeye alilijua hilo bila kuniuliza.

Tuliipata 120Y huko Kenyenya, kwenye boma la mtu, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Baba alikuja nasi. Ungemwona siku hiyo, Benard. Alivaa koti lake la kazi, akamsimamia Osoro akimwelekeza nati ipi ianze, ipi ipigwe mafuta ya taa kwanza. Tulirudi na disk mbili, kalipa zake zinazozibana, masta silinda inayosukuma mafuta ya breki, na boksi la usukani, vimefungwa kwenye gunia kama nyama.

Kuanzia hapo gereji ikawa kazi ya Baba. Nikitoka kwenda dukani naye anatoka, na chupa yake ya chai. Nikirudi nampitia huko, anaketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mikono ina grisi. Osoro alikuwa na msimamo mmoja: chuma nunua cha zamani, mpira usinunue wa zamani. Kwa hiyo disk zilichongwa tu kwenye mashine mjini zikawa laini, lakini mipira ya ndani ya kalipa na ya masta silinda, na paipu zote za breki, zikawa mpya. Usukani nao ulifunguliwa wote. Lile boksi la Kenyenya lilikuwa zima kuliko letu, likafungwa hilo, na viungo vinavyoshika magurudumu vikabadilishwa. Magurudumu yenyewe Osoro aliyanyoosha kwa uzi na futi, akiwa amelala tumboni kwenye matope.

Haikwenda moja kwa moja. Paipu ya kwanza ya upande wa kulia ilikuwa fupi, ukikata kona kabisa inavutika, ikabidi itolewe. Mara pedali inakuwa kama sponji, hewa imebaki ndani, wanaanza tena kuitoa, Baba anakanyaga, Osoro chini anafungua na kufunga. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuta pesa na kunyamaza. Ile cherehani ya Mama niliiuza. Nilipanga kukuambia siku moja, basi nimekuambia.

Gari likaisha. Osoro akaliendesha kwanza, kisha akanipa mimi. Kaka, sikuwahi kujua gari lile linaweza kuwa hivyo. Unageuza usukani kidogo tu nalo linageuka. Unagusa breki linasimama limenyooka, halivuti kulia wala kushoto. Nililipeleka mpaka kwenye mteremko wa kiwanda cha kahawa na kurudi, na niliporudi nilikuwa na machozi, kwa sababu nilikuwa nimewaona watoto wako mle ndani.

Kesho yake asubuhi Baba akaendesha, mimi nimeketi kushoto kwake. Kulikuwa kweupe, mvua bado. Alikuwa na furaha, ananieleza habari za mkulima mmoja wa zamani aliyekuwa akichanganya pareto na majani ya miti ili magunia yaongezeke. Tukiteremka kuelekea kiwanda cha kahawa nikamwona mama mmoja anatoka kwenye kijia cha upande wangu, ana beseni la parachichi kichwani. Alikuwa mbali kiasi cha kutosha. Nikangoja Baba apunguze mwendo. Hakupunguza. Aliendelea na hadithi yake. Yule mama akaingia barabarani, akiamini, kama mtu yeyote angeamini, kwamba dereva anamwona.

Nikasema, "Baba, simama."

Alisimama. Alikanyaga kwa mguu wote na gari likasimama palepale, limenyooka, kama Osoro alivyosema litasimama. Yule mama alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti. Parachichi mbili zilianguka zikabingirika chini ya gari. Baba akageuza uso akaniangalia mimi, na akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Kuna nini?"

Benard, nimeyasikia maneno hayo mawili kila siku tangu hapo. Gari limesimama, mtu yuko mbele yake, ameshika boneti, na yeye anauliza kuna nini.

Nilishuka. Nikamwomba yule mama msamaha, nikamwokotea parachichi zake. Alisema anaitwa Esnah, anatoka hapo juu tu. Hakugomba. Alimtazama Baba kupitia kioo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akaniambia pole hata hivyo, akaenda.

Nilipofungua mlango wa dereva Baba alikuwa ameshasogea mwenyewe kwenye kiti cha kushoto. Nikaliegesha gari nje ya kiwanda, nikazima injini. Nikamuuliza kama siku ile ya Nyanchera pedali ilizama kweli.

"Haikuzama," alisema. "Sikuikanyaga. Sikumwona, wala meza sikuiona."

Akaniambia upande wa kushoto ulianza kumpotea kabla hata Mama hajafariki. Alidhani ni miwani. Alikwenda kwa daktari wa macho bila kutuambia, akaambiwa ni presha ya macho, kwamba kilichopotea hakirudi na dawa ya matone itazuia tu kilichobaki. Dawa yenyewe anaiweka ndani ya soksi kabatini. Mama alijua. Alikuwa akiketi kushoto kwake na kumwambia: mtu, ng'ombe, pikipiki. Jinsi tulivyomcheka Mama kwa kuongea njia nzima, unakumbuka? Nasi tukasema Mama ana wasiwasi.

Sitakuficha, nilikasirika. Niliwafikiria wale wazee aliokuwa akiwapa lifti kutoka kanisani. Nilifikiria cherehani. Nikamuuliza, tena vibaya, kwa nini aliniacha nihangaike na breki mwezi baada ya mwezi wakati alijua shida haikuwa breki.

Akasema alidhani breki zikiwa kali sana na usukani ukiwa mwepesi, zingemfidia yale macho. Kwamba akichelewa kuona, angalau gari lisichelewe kusimama. Na baadaye, akasema, alipojua haiwezekani, alikuwa ameshazoea kwenda gereji. "Pale Osoro ananiuliza mambo," aliniambia. "Gari lilikuwa likilia vipi, lilikuwa likivuta wapi. Nyumbani kwako unaniuliza kama nimekula."

Ni kweli. Hilo ndilo ninalomuuliza.

Aliniomba jambo moja, nisikuambie wewe. Alisema atatafuta sababu ya Desemba, atasema mgongo unamuuma, ili watoto wasijue kwamba babu yao nusura awaendeshe hivyo. Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri, na ndiyo hii barua. Akigundua atanuna, acha anune. Sitabeba jambo hili peke yangu kama alivyolibeba Mama.

Sasa naomba unisikilize. Usimpigie simu umwambie gari liuzwe. Usimhubirie. Wewe ni mkubwa wangu na sikuelekezi kazi, lakini ulikuwa mbali na mambo haya na mimi nilikuwa ndani yake. Njooni Desemba, wote. Ongeza siku, ukae naye, umuulize kitu anachokijua yeye na wewe hukijui. Safari ya Rangwe ipo palepale, na watoto wataingia kwenye Datsun kama walivyoahidiwa, ila mimi ndiye nitakayeshika usukani. Breki ni nzuri, hilo nakuhakikishia kwa mdomo wangu. Kama zingekuwa zile za zamani, Esnah angekuwa mochari na Baba angekuwa kituoni, na barua hii ingekuwa nyingine.

Tulikwenda kwa daktari pamoja wiki iliyopita. Alisema yaleyale. Matone yametoka ndani ya soksi, sasa yako juu ya meza karibu na sukari, namtazama akiyatia asubuhi na jioni. Kuendesha ameacha, bila mabishano, jambo lililonitia hofu kuliko kama angebishana. Kwa siku kadhaa hakutoka hata nje.

Leo nimempeleka Nyamira kanisani. Sikutaka, mwili wote ulitaka kulala, lakini nilimwona amevaa tai tangu alfajiri. Alimsalimia Nyanchera, na mbele ya watu akamwambia kwamba siku ile kosa lilikuwa lake. Nyanchera akamfungia kichane cha ndizi aje nacho. Tukirudi Baba aliketi kushoto, mikono magotini. Barabara ile ina kona nyingi, unaijua. Kwenye kila kona ananiambia, "Kanyaga kidogo hapo," hata zile ambazo hazihitaji, hata ninapopanda mlima. Nami nakanyaga. Kila mara nakanyaga.

Msalimie Pam sana, mwambie nitampigia. Wabusu watoto, na wasijue zaidi ya kwamba shangazi yao sasa ni dereva. Ukimaliza kusoma, kaa nayo siku moja ndipo unijibu. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi dada yako,
Apondi